Mbuyu wa Manda: Spishi Moja, Mbili, au Chotara?

Mbuyu ni mti usio na sura moja. Huu una gome la kijivu, ule wa pili gome lake laelekea wekundu. Mmoja huzaa mabuyu marefu yaliyochongoka, mwingine ya mviringo. Mmoja huzaa kila mwaka, mwingine huchanua mwaka nenda mwaka rudi na buyu halionekani. Anayetoka Lamu kwa mashua kwenda Takwa, katika kisiwa cha Manda, hupita mfereji wa mikoko maji yakijaa, kisha hukuta mibuyu imesimama katika magofu ya mji uliohamwa karibu na mwaka 1700. Miti hiyo yote vitabu huiita kwa jina moja, Adansonia digitata. Je, jina hilo moja linatosha?

Swali hili limewahi kuzua ubishi mkubwa. Mwaka 2012 kundi la watafiti lililoongozwa na Jack Pettigrew lilitangaza katika jarida la Taxon kwamba Afrika ina mibuyu ya aina mbili: ule tunaoujua, na mwingine waliouita Adansonia kilima. Mwaka 2016 kundi jingine, likiongozwa na Glynis Cron wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, lilichapisha makala ya kulifuta jina hilo. Katika muda wa miaka 4, spishi ilizaliwa ikazikwa.

Kesi za namna hii haziamuliwi kwa sura. Anayedai kwamba mmea ni spishi mpya, au kwamba ni chotara wa spishi mbili, anapaswa kwanza kueleza ni kitu gani tutakikuta ikiwa dai lake ni kweli, na kipi kikikutwa dai litakuwa limeanguka. Mbuyu unatupa nafasi nzuri ya kuona jambo hilo kwa sababu umeshapitia karibu kila kipimo kilichopo.

Jina lina gharama

Wanaoulizana zaidi swali la spishi na chotara ni wakuzaji wa okidi, hasa zile ambazo maua yake yana mfuko ulioumbwa kama kiatu. Okidi za jenasi za Paphiopedilum za Asia na Phragmipedium za Amerika zimo katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES: biashara ya kimataifa ya mimea iliyong'olewa porini hairuhusiwi, wakati ile iliyozalishwa kitaluni ina njia nyepesi. Kwa hiyo anayesema "huu ni chotara wa kitaluni" anatetea pia uhalali wa mzigo wake. Mwaka 2002 Mmarekani Michael Kovach alipeleka okidi ya namna hiyo kutoka Peru hadi bustani ya Marie Selby huko Florida, ikapewa jina la Phragmipedium kovachii. Ilikuwa spishi mpya kweli, tena ya kustaajabisha, lakini ilikuwa imeingia nchini kinyume cha sheria, na bustani pamoja na Kovach mwenyewe walikiri makosa mahakamani.

Mbuyu wa Afrika haumo katika orodha hizo. Hata hivyo, mwaka 2022 mibuyu iling'olewa Kilifi ili isafirishwe kwenda nchi ya Georgia, na Rais William Ruto akaamuru uchunguzi ufanywe. Hebu fikiria kama wakati ule Adansonia kilima ingekuwa bado ni spishi inayokubalika. Swali la kwanza la mkaguzi lingekuwa: huu mnaoupakia ni upi? Spishi yenye miti mingi kutoka Senegali hadi Msumbiji haiogopewi kama spishi iliyobanwa katika miinuko michache. Jina likibadilika, idadi hubadilika, na ulinzi hubadilika.

Sababu nne za tofauti

Kabla ya kuuita mti chotara, ni lazima kuuliza ni mambo gani yanayoweza kuufanya utofautiane na wenzake. Yapo manne, na kwa macho yote hufanana.

La kwanza ni mazingira. Mti uliomea juu ya mwamba wa matumbawe, chumvi ikipeperushwa na upepo wa bahari, hauwezi kuwa na majani wala kimo cha mti wa udongo mzito wa bondeni. Mbegu zao zikipandwa pamoja, tofauti hupungua au hutoweka.

La pili ni tofauti za kawaida ndani ya spishi moja. Mbuyu hauchavushwi na chavua yake wenyewe, hivyo kila mbegu ina baba wa nje, na watoto wa mti mmoja hawalingani. Ongeza mkono wa binadamu. Bandari ya Manda ilikuwa ikipokea vyombo vya udongo kutoka Ghuba tangu karne ya 9, kama Neville Chittick alivyoonyesha katika uchimbaji wake, na mibuyu imeota hadi Dhofar nchini Omani na katika pwani za Bara Hindi, ambako watu walihusika kuifikisha. Popote mbegu za mbali zinapokutana, miti ya spishi ileile huonyesha sura nyingi kuliko ilivyozoeleka.

La tatu ni uchotara wa karibuni: wazazi wa spishi mbili, mtoto mmoja. Kizazi cha kwanza mara nyingi huwa na sura ya kati, na hapo ndipo jicho husadiki. Lakini kizazi cha pili hutawanyika, wengine wakirudi kufanana na babu huyu na wengine na yule. Chotara akizaa na mmojawapo wa wazazi wake mara mbili tatu, wajukuu huwa vigumu kuwatofautisha na spishi halisi. Sura ya kati, basi, haithibitishi uchotara, na kukosekana kwake hakuukanushi.

La nne ni utengano wa kweli. Makundi mawili hayazaliani tena, au huzaliana kwa nadra kiasi kwamba kila moja limeshika njia yake.

Wakuzaji wa okidi wana kitu ambacho watu wa mibuyu hawana, nacho ni kumbukumbu za ukoo. Chotara wa kwanza wa Paphiopedilum aliyezalishwa na binadamu, Harrisianum, alichanua mwaka 1869 katika vitalu vya Veitch nchini Uingereza, mikononi mwa John Dominy. Wazazi wake, P. villosum na P. barbatum, wanajulikana. Tangu 1906 kumekuwa na orodha iliyochapishwa ya machotara wa okidi, na mwaka 1961 Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza kilichukua kazi ya kuiandika. Hata hivyo vitalu navyo hudanganya jicho. Mkuzaji anaweza kuchagua maua makubwa ya spishi moja kwa vizazi kadhaa, hadi mtu aliyezoea ua la porini akadhani limechanganywa damu. Porini hakuna kitabu cha ukoo, na kwa mti unaochukua miaka mingi kabla ya kuchanua, kupandanisha wazazi na kungoja wajukuu ni kazi inayozidi umri wa mtafiti. Ndiyo maana kesi ya mbuyu iliendeshwa kwa ushahidi wa pembeni: maua, chavua, vinyweleo vya majani na kromosomu.

Adansonia kilima yafika mbele ya hoja

Jenasi ya Adansonia, kwa hesabu inayokubalika, ina spishi 8: 6 za Madagaska, 1 ya Australia na 1 ya bara la Afrika. Saba kati yake ni diploidi, yaani kila seli ina seti 2 za kromosomu, moja kutoka kwa kila mzazi. Mbuyu wetu peke yake ni tetraploidi, una seti 4. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2020 ilipata kromosomu 168, ambazo ni 42 mara 4.

Pettigrew na wenzake walisema wamepata ndugu wa diploidi katika bara. Waliuelezea kuwa mti wa miinuko, kati ya mita 650 na 1,500 kutoka usawa wa bahari, mashariki na kusini mwa Afrika, unaotofautiana na digitata kwa maua, chavua na idadi ya kromosomu. Dai lilikuwa na mvuto mkubwa wa kisayansi. Kama tetraploidi ilitokana na diploidi, basi huyu angekuwa masalio ya mzazi wake, bado hai mlimani. Mwaka 2015 ikatoka makala iliyomtafuta hadi Zimbabwe kwa kutumia alama za umbo.

Sasa tulipime dai kwa matokeo yake. Miti ya diploidi na ya tetraploidi ikisimama mteremko mmoja, ikachanua usiku mmoja na kutembelewa na popo walewale walao matunda, baadhi ya mbegu zitakuwa za mchanganyiko. Mtoto wa wawili hao atapata seti 3, yaani atakuwa triploidi. Seti 3 haziwezi kujipanga kwa jozi wakati wa kutengeneza chavua na mayai, hivyo miti ya namna hiyo huwa tasa au karibu na tasa. Dai la 2012, kama ni kweli, linadai tukute mojawapo ya mambo mawili: triploidi wachache katika maeneo ya mpaka, au kizuizi kinachoonekana, mathalani misimu tofauti ya kuchanua.

Hapo ndipo mtu mwenye haraka angetaja mibuyu isiyozaa. Wapo wakulima, mbali na kwetu, wanaoiita midume, na ingekuwa rahisi kusema: hawa hapa triploidi wetu. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na Sarah Venter na wenzake nchini Afrika Kusini ulionyesha kwamba "midume" hiyo huzaa ikichavushwa kwa mkono kwa chavua ya mti mwingine. Sababu moja ya kutozaa, basi, ni kukosa chavua inayofaa. Utasa wa kuonekana kwa macho si ushahidi wa uchotara, kama ambavyo sura ya kati si ushahidi.

Kundi la Cron lilirudi kwenye msingi. Walipima miti kutoka sehemu mbalimbali za Afrika, ikiwamo iliyodhaniwa kuwa kilima, kwa umbo, kwa kromosomu na kwa DNA. Miti iliyotakiwa kuwa diploidi ilitoka tetraploidi. Vipimo vya maua na majani, badala ya kujigawa makundi mawili, vilitanda kwa mfululizo na kuingiliana. DNA nayo haikuchora mpaka kati ya aina mbili. Walihitimisha kwamba kilima ni jina la pili la digitata.

Jambo la kuzingatia ni jinsi hukumu ilivyopatikana. Kila alama ya umbo, ikichukuliwa peke yake, ingeweza kuendelea kujadiliwa miaka mingi, kwa kuwa maua madogo yapo na chavua ndogo ipo. Kilichoangusha dai ni kwamba alama hizo hazikuandamana. Katika spishi mbili za kweli, mti wenye maua madogo huwa pia na chavua ya aina yake, kromosomu za idadi yake na ukoo wake wa DNA, tena na tena. Alama zikienda kila moja njia yake, kinachoonekana ni utajiri wa spishi moja.

Seti nne zilitoka wapi?

Kufutwa kwa kilima hakukumaliza upande wa uchotara. Mmea unaweza kupata seti 4 kwa njia mbili. Seti za spishi moja zinaweza kujirudufu zenyewe. Au spishi mbili zinazaa chotara, kisha kromosomu za chotara huyo zinarudufika, naye anakuwa na uwezo wa kuzaa kwa sababu kila kromosomu imepata mwenziwe.

Njia ya pili haiko mbali na Afrika Mashariki. Kahawa ya Arabika ilizaliwa hivyo, kutokana na Coffea canephora, ambayo wakulima huiita Robusta, na Coffea eugenioides ya nyanda za juu za eneo letu. Hakuna mtaalamu anayekataa kuiita Arabika spishi, na hakuna anayekana kwamba asili yake ni uchotara. Kwa hiyo maneno "spishi halisi" na "chotara" si lazima yapingane. La kwanza laeleza jinsi kundi linavyoishi na kuzaliana leo, la pili laeleza lilivyoanza.

Je, mbuyu ulianza kama Arabika? Ndani ya jenomu ya chotara wa namna hiyo, seti za kromosomu hujipambanua katika makundi mawili, kila moja likishabihiana zaidi na mzazi wake. Ndani ya mmea uliojirudufu, seti zote 4 hufanana kwa kiwango kimoja. Jenomu ya mbuyu iliyochapishwa mwaka 2024, katika utafiti ulioongozwa na Justine Kitony, ilionyesha hali ya pili: mbuyu wa Afrika ulijirudufu wenyewe. Mwaka huohuo makala iliyotoka katika jarida la Nature ilichunguza jenomu za spishi zote 8 na kuona dalili kwamba spishi za Madagaska zilibadilishana jeni katika historia yake. Kwa hiyo jenasi hii imeshuhudia uchotara, ingawa si uchotara ulioupa mbuyu wetu seti zake 4.

Nyani wa ng'ambo ya mlango

Mbuyu ni kesi ambamo dai la aina mbili lilianguka. Ili tusidhani kwamba kila tofauti ni kelele tu, tutazame kesi iliyo karibu na Manda ambamo mchanganyiko ni wa kweli. Mwaka 1893 Oldfield Thomas wa jumba la makumbusho la Uingereza alimpa nyani wa Lamu jina la ibeanus. Leo huhesabiwa kuwa tawi la kaskazini la nyani wa manjano (Papio cynocephalus), ingawa umbo lake lina dalili za kuelekea kwa nyani wa zeituni (Papio anubis) wa bara.

Utafiti wa DNA ya mitokondria, ambayo hurithiwa kwa mama peke yake, ulionyesha mwaka 2009 jambo la ajabu: nyani wa manjano wa kaskazini wana mama wa kale wa ukoo wa zeituni. Maelezo yaliyopendekezwa yanatokana na tabia yao. Majike hubaki katika kundi walilozaliwa, madume huhama. Madume ya kundi moja yakiendelea kuingia kundi la pili kizazi baada ya kizazi, sura hugeuka na kufuata baba wageni, wakati mitokondria hubaki ya wenyeji. Huko Amboseli, ambako nyani wamefuatiliwa tangu 1971, machotara wa aina hizo mbili wanaonekana hadi leo. Uchambuzi wa jenomu uliochapishwa mwaka 2022 ulikuta chembe za zeituni hata kwa wale waliodhaniwa kuwa manjano watupu. Ulionyesha pia kwamba jeni za kigeni hupunguzwa katika sehemu nyeti za jenomu, dalili kwamba uteuzi wa asili unazipinga. Aina hizo mbili huchanganyika, na bado kila moja inabaki yenyewe.

Hapa jicho lilidokeza jambo la kweli, lakini halikuweza kulithibitisha. DNA ya mama peke yake ingepotosha pia, maana ingewafanya nyani wa kaskazini kuwa zeituni. Jibu lilipatikana pale umbo, ukoo wa mama, jenomu nzima na tabia ya kuhama vilipowekwa pamoja.

Kesi ya tatu inasimama kati ya hizi. Ua la Saintpaulia, ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alilituma Ujerumani kutoka Tanga na Hermann Wendland akalipa jina mwaka 1893, lilifikia kuwa na spishi 20 na zaidi vitabuni, nyingi za milima ya Usambara. Mwaka 2006 Iain Darbyshire alizipunguza hadi 6, na nyingi za zamani akazishusha daraja na kuzifanya nususpishi. Kila mwamba wenye kivuli ulikuwa na ua lake lenye unyoya tofauti kidogo, na jina likatolewa kwa kila mwamba. Tofauti zilikuwepo, ila zilikuwa za jamaa wa ukoo mmoja waliotengana karibuni.

Nini kifanywe Manda

Kisiwa hiki kina faida ambayo miinuko haina. Kiko karibu na usawa wa bahari, chini kabisa ya mita 650 zilizotajwa kuwa mwanzo wa makazi ya kilima. Alama zilizodaiwa kuwa za mti wa mlimani zikikutwa hapa, basi hazikuwa za mlimani. Mibuyu ya pwani ni kipimo cha kulinganishia ambacho kila dai jipya la miinuko linapaswa kukipita.

Kazi ya kwanza ni ya mikono wala haihitaji maabara. Ua, jani, buyu na gome vichukuliwe kwenye mti uleule, mti uandikwe mahali pake, na maua kadhaa yapimwe, kwa maana matawi ya mti mmoja nayo hutofautiana. Ua la mbuyu hufunguka jioni na siku inayofuata huanguka, hivyo anayeokota yaliyo chini hajui la mti gani wala limesinyaa kiasi gani. Vielelezo vikahifadhiwe katika Hebaria ya Afrika Mashariki jijini Nairobi, taasisi iliyoanzia Amani mwaka 1902, ili mpinzani wa baadaye aweze kuvitazama upya. Jina lisilo na kielelezo halipingiki, na dai lisilopingika halina faida. Baada ya hapo ndipo kromosomu zihesabiwe, kisha DNA ya kloroplasti na ya kiini zilinganishwe na za bara, Omani na Madagaska.

Kwa ushahidi uliopo leo, mibuyu ya Takwa ni spishi moja, tetraploidi iliyojirudufu yenyewe, wala si chotara. Wanaotaka kuligeuza jibu hilo, hawatafanikiwa kwa kuonyesha buyu refu kando ya buyu la mviringo. Walete miti ambayo alama zake zote zinaandamana, watuonyeshe kinachoizuia isizaliane na jirani zake au watoto wa mchanganyiko inaowazaa, na waseme mapema ni matokeo yapi yatakayowafanya walikubali jina la zamani.